Sauti Inamwambia Nini?

Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa unaowapata vijana wetu wakiwa bado shuleni, ugonjwa ambao mara nyingi tunaupa jina lisilo lake. Ni sonona kali, ile iliyofika mahali ambapo kijana anasikia sauti zisizosikiwa na mwingine, au anashikilia imani ya uongo ambayo hakuna hoja wala kiapo kinachoweza kumtoa. Naomba wazazi, walimu wa bweni, na ninyi mnaolea watoto wa ndugu zenu mnisikilize hadi mwisho. Ninalotaka kusema ni moja. Kijana akikwambia anasikia sauti, kabla hujaamua umpeleke wapi, muulize sauti hiyo inamwambia nini.

Tuchukue mfano. Huyu si binti fulani wa mahali fulani. Nimemtunga kutokana na mambo ambayo wahudumu wa afya ya akili hukutana nayo. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, analala bweni. Mwaka jana alikuwa miongoni mwa kumi bora. Ukifungua daftari lake la hisabati la muhula huu, kurasa za mwanzo zimejaa, tarehe imeandikwa, mstari umepigwa kwa rula. Ukurasa unaofuata una swali moja lililoachwa katikati. Baada ya hapo hakuna kitu. Usiku anaamka saa tisa, anakaa kitandani mpaka kengele ya asubuhi. Bwaloni anamsogezea mwenzake sahani ya makande bila kuionja. Mwenzake akimuuliza, anajibu kwamba chakula hicho ni cha watu wema, yeye hastahili. Darasani amehamia dawati la nyuma kabisa, kwa sababu anaamini tumbo lake limeoza ndani na wenzake wanasikia harufu. Na usiku kuna sauti ya mwanamume inayomjia kutoka upande wa dirisha.

Siku moja anapiga kelele, bweni zima linaamka, na hapo ndipo watu wazima wanaanza kuona kwamba kuna jambo. Matroni anasema ni mapepo, maana mwaka juzi wasichana kadhaa walianguka hapohapo. Mwalimu wa taaluma anasema anaukimbia mtihani wa taifa. Mama anaitwa, anampigia simu shangazi, shangazi anasema lile jini la upande wa baba limerudi. Jirani ana yake: siku hizi watoto wanavuta bangi. Kila mmoja amepata maelezo, na kila mmoja ameyapata kabla ya kuuliza.

Laiti mmoja wao angekaa naye pembeni na kumuuliza, angesikia haya. Sauti inamwambia, "Huna maana. Wewe ndiye uliyemuua bibi." Bibi yake alifariki kwa shinikizo la damu wakati yeye yuko shuleni, na likizo ya mwisho hakwenda kumsalimia. Hilo tu. Kutokwenda kusalimia kumegeuka kuwa mauaji, na kosa dogo limekuwa hukumu isiyo na rufaa.

Msikilizaji, tazama mambo ambayo binti huyu anayasikia na kuyaamini. Hatia, kifo, kuoza, kutostahili chakula. Yote yanakwenda njia moja na huzuni yake. Huzuni ilitangulia, ikala usingizi, ikala hamu ya chakula, ikala masomo, na ilipozidi ikapata mdomo wa kusemea. Hii ndiyo alama ambayo madaktari huitafuta. Katika sonona ya aina hii, sauti na imani za uongo mara nyingi hufuata hali ya moyo: kwamba nimetenda dhambi isiyosameheka, kwamba nina ugonjwa usiotibika, kwamba familia yangu itafilisika kwa ajili yangu, hata kwamba mimi nimeshakufa. Mwaka 1880 daktari wa Ufaransa, Jules Cotard, alieleza habari za mwanamke aliyeshikilia kwamba hana ubongo wala mishipa ya fahamu wala matumbo, na kwa hiyo hana haja ya kula. Dunia inaujua ugonjwa huu tangu zamani. Sisi tunaokaa karibu na mgonjwa ndio tunaochelewa kuutambua.

Tunachelewa kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba kijana haonyeshi sonona jinsi mtu mzima anavyoionyesha. Tunamsubiri alie, yeye anakuja na hasira. Anajibu kwa mkato, anagombana na wadogo zake, anafunga mlango. Tunasema ni balehe, au ni kiburi. Kweli, kila kijana hununa, na kila kijana huwa na siku mbaya. Linalopaswa kukutia wasiwasi ni hali inayoendelea karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, huku usingizi, chakula, masomo na marafiki vikiporomoka pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Hao si wote wenye sonona, na wanaofikia kusikia sauti ni wachache zaidi, lakini hao wachache ndio walio kwenye hatari kubwa.

Sababu ya pili ni kwamba kijana mwenyewe anaficha. Anajua neno analoitwa mtu anayesikia sauti. Amesikia watoto wenzake wakitaniana: huyo apelekwe Mirembe. Hospitali ya pale Dodoma imewatibu watu tangu enzi za ukoloni, na sisi jina lake tumelifanya tusi. Kwa hiyo atasema kichwa kinamuuma, tumbo linamsokota, amechoka. Atakwenda zahanati mara nne kwa kichwa na atarudi na panadol mara nne.

Sababu ya tatu, na hapa nitakaa kidogo, ni kwamba jibu tunalo tayari kabla hatujauliza. Sisemi haya kuwadharau watu wa dini. Sala na dua zimewashika watu wengi katika siku ngumu, na mgonjwa anayeombewa na watu wanaompenda hapotezi chochote kwa kuombewa. Lakini fikirini, ndugu zangu viongozi wa dini, kinachotokea kwa binti kama huyu. Tayari anaamini kwamba amelaaniwa. Tayari kuna sauti inayomwambia kila usiku kwamba ni muuaji. Halafu anasimamishwa mbele ya watu, anashikwa kichwa, anaambiwa: tubu, taja ulichofanya, kuna kitu unakificha. Maskini, atataja. Ataungama mauaji ambayo hayakutokea. Ugonjwa ulikuwa ukimshtaki kwa siri. Sasa amepata shahidi mwenye mamlaka. Na akiambiwa afunge siku tatu, yeye ambaye ameacha kula kwa wiki mbili, tunamweka kwenye hatari ya mwili juu ya ile ya akili.

Kwa mganga mambo huenda hivyohivyo kwa njia nyingine. Mzazi anatajiwa jina la jirani aliyeroga, ugomvi unaingia mtaani, mbuzi anauzwa, wiki zinapita. Mtoto bado haulizwi kitu. Ninachowaomba viongozi wa dini, masheikh, wachungaji na mapadri, ni hiki: mwombeeni, na siku hiyohiyo mwambieni mzazi ampeleke hospitali. Neno lenu linasikilizwa nyumbani kuliko bango lolote la wizara. Mkisema kwamba kwenda hospitali si kukosa imani, mtaokoa watoto.

Sasa, msikilizaji, niweke tahadhari mahali pake. Kusikia sauti peke yake si ushahidi wa ugonjwa huu. Mtoto aliyefiwa anaweza kusikia marehemu akimwita jina, mara moja mbili, na hiyo ni sehemu ya msiba. Kuna magonjwa mengine ya akili yanayoleta sauti bila huzuni ya namna hii. Kuna kifafa, kuna bangi na vileo. Na kuna jambo ambalo kila mzazi wa ukanda wa malaria lazima alishike: mtoto aliyekuwa mzima jana, leo ana homa, anaweweseka, mara anakutambua mara hakutambui, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria imepanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na hapo saa chache zinaamua uhai. Sonona haiji kwa kasi hiyo. Ukiuliza vizuri, utaambiwa kwamba majuma au miezi kabla ya sauti, mtoto alikuwa ameshaanza kunyauka.

Ndiyo maana swali la leo si la kumfanya mzazi kuwa daktari. Ni la kumpa daktari kitu cha kuanzia. Ukifika kituo cha afya ukasema, "Mwanangu ana mapepo," au "Mwanangu amechanganyikiwa," mhudumu mwenye foleni ya watu arobaini atakuwa hana pa kushika. Ukisema, "Tangu mwezi wa tatu halali, hali, ameacha kusoma, na sasa anasikia sauti inayomwambia hana haki ya kuishi," umemwambia nusu ya ugonjwa, na umemwambia pia kwamba hili halisubiri wiki ijayo.

Hospitalini wataanza kwa vipimo: malaria, sukari, virusi vya UKIMWI, na vingine kulingana na dalili. Watauliza historia ya ukoo. Tafadhali semeni ukweli hapo, hata kama ni aibu ya familia. Kama kuna mjomba aliyekuwa akipitisha majuma bila usingizi, akinunua vitu ovyo, akihubiri barabarani, kisha anazama katika ukimya, taja. Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Michael Strober na Gabrielle Carlson, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 60 wa miaka 13 hadi 16 waliolazwa kwa sonona. Katika miaka mitatu hadi minne, mmoja kati ya kila watano alipata ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kama wa mjomba huyo. Miongoni mwa ishara zilizotangulia zilikuwemo zile za kupoteza uhalisia, yaani sauti na imani za uongo, na historia ya ugonjwa huo katika ukoo. Daktari akijua hilo mapema, atachagua dawa kwa uangalifu zaidi na atakwambia cha kutazama baadaye.

Kuhusu dawa, matibabu ya kawaida ya sonona ya aina hii ni dawa mbili pamoja: moja ya kutibu sonona, nyingine ya kutibu sauti na imani za uongo. Watu huuliza, kwa nini mbili? Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa Marekani na Kanada kwa watu wazima 259 wenye ugonjwa huu, ulionyesha kwamba waliopewa dawa zote mbili walipona kwa wingi zaidi kuliko waliopewa ile ya sauti peke yake. Kwa hiyo sauti zikinyamaza, usiitupe ile nyingine ukidhani kazi imekwisha. Dawa ya sonona huchukua majuma kadhaa kuonyesha matunda yake; mgonjwa huanza kulala kabla ya kuanza kucheka.

Kwa vijana, dawa ya sonona ambayo Shirika la Afya Duniani linaielekeza ni fluoksetini, nayo itolewe na mtaalamu anayemfuatilia mtoto kwa karibu. Amitriptilini, ambayo wengi wanaijua kwa sababu inapatikana kwa urahisi, haifai kutibu sonona ya mtoto, na ikizidi kipimo inaua. Usiende duka la dawa kununua kwa kukisia. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona ziwekewe onyo kuhusu vijana, kwamba majuma ya mwanzo mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Onyo hilo halisemi usimpe mtoto dawa. Linasema usimpe ukaondoka. Kaa naye, rudi kliniki kwa tarehe uliyopangiwa, na ukiona anahangaika zaidi, usingoje tarehe.

Kuna jambo lingine ambalo linapaswa kusemwa wazi kwa kila familia kabla haijatoka hospitalini. Baadhi ya dawa za kutuliza sauti, kama haloperidoli, zinaweza kumkaza misuli kijana siku za mwanzo. Shingo inapinda upande mmoja, macho yanapanda juu na kubaki huko, taya linakaza. Hebu fikiria mama aliyerudi nyumbani na mtoto, anayaona hayo saa mbili usiku. Kila mtu mle ndani atasema, mmeona, jini limekasirika kwa kupelekwa hospitali. Dawa zinatupwa chooni, safari ya mganga inaanza upya. Kumbe ni athari ya dawa, na sindano moja hospitalini huiondoa kwa muda mfupi. Wahudumu wa afya mnaonisikia, waambieni watu hili mapema. Dakika mbili za maelezo zinatosha.

Na sasa nifike kwenye swali ambalo wazazi wengi wanaliogopa kuliko yote. Mtoto akishakwambia sauti inamwambia hana haki ya kuishi, mwulize moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujiua? Je, sauti inakuambia ujidhuru? Umepanga namna?" Najua, ulimi unakuwa mzito. Wengi wanaogopa kwamba wakiuliza watakuwa wamempa wazo. Uzoefu wa wataalamu na tafiti vinaonyesha kwamba kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Lilikuwa limeshafika kabla yako, na mara nyingi kijana hupata nafuu kwamba hatimaye kuna mtu mwingine anayelijua. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Hapa kuuliza ni kuokoa.

Akikubali kwamba sauti inamwamuru, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake hata msalani. Dawa zote za nyumbani, na sumu za wadudu za shambani ambazo wengi tunaziweka chini ya kitanda, zifungiwe kwa kufuli au zitoke nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo, na kulazwa kusionekane kama aibu. Kama uko mbali na hujui pa kuanzia, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya.

Wapo watakaosita kwa kuogopa sheria. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Hapa Tanzania kosa hilo bado limo katika kifungu cha Kanuni yetu ya Adhabu. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba kifungu hicho kiondoke. Mtoto anayeamriwa kufa na ugonjwa wake hahitaji kuogopeshwa na polisi, na mama hapaswi kupima kati ya kumpeleka mwanawe hospitali na kumwepusha na mashtaka.

Nyumbani, katika majuma ya kupona, usibishane na imani yake. Ukimwambia bibi alikufa kwa shinikizo la damu, cheti hiki hapa, atakuona na wewe umedanganywa. Wala usikubaliane naye. Sema la kweli unalolijua: "Mimi siisikii hiyo sauti, mwanangu, lakini naona inakutesa, na nipo hapa." Mpe chakula kidogo mara nyingi. Msindikize kliniki, baba naye aende, maana kazi hii huachiwa mama peke yake. Na ninyi wazazi mnaojilaumu kwamba mngeona mapema, huu ni ugonjwa. Una chembechembe za urithi, una misiba, una mazingira, na hakuna mmoja wenu aliyeuleta kwa kumkaripia mtoto siku moja.

Mwisho, nawageukia wakuu wa shule na wenye mamlaka ya elimu. Shule zetu nyingi za bweni zina mwalimu aliyepewa jina la mwalimu wa ushauri nasaha. Mara nyingi ni mwalimu yuleyule mwenye vipindi vyake vyote, bila mafunzo ya kutosha, bila chumba chenye mlango unaofungwa. Mpeni mafunzo, mpunguzieni vipindi, mpeni chumba. Matroni na patroni nao wafundishwe, kwa sababu wao ndio wanaojua nani halali usiku na nani hali. Mtoto akipona na kurudi, apokelewe. Akihitaji kurudia kidato, arudie bila kutangazwa mstarini. Vijana wanaotibiwa vizuri hurudi darasani na kuendelea na maisha yao, na kinachowavunja tena mara nyingi ni maneno ya wenzao ambayo hakuna mwalimu aliyeyakemea. Hilo la kukemea halihitaji bajeti wala mwongozo kutoka wizarani. Linaweza kuanza kesho asubuhi, katika shule yoyote inayonisikia.